Mabinti waliolipwa kwa kuchora majalada ya vitabu

Mtoto anayejaza kurasa za nyuma za daftari la hesabu kwa maua na nyuso za watu huwafanya wazazi wengi wajiulize: hivi kuchora kutamlisha? Kwa mzazi wa Marekani mwenye binti, zaidi ya miaka 130 iliyopita, swali hilo lilikuwa zito zaidi, maana kazi za heshima zilizokuwa wazi kwa mwanamke zilihesabika kwa vidole.

Alice Morse alizaliwa Ohio mwaka 1863 na kukulia Brooklyn. Akiwa kijana alisomea sanaa Cooper Union, New York, kwenye shule ya wanawake ambayo haikutoza ada na iliyowalenga wasichana waliohitaji ufundi wa kujipatia riziki. Alifanya kazi kwenye karakana ya vioo vya rangi ya Louis Comfort Tiffany, kisha akageukia majalada ya vitabu.

Kazi hiyo ilikuwa changa. Zamani mnunuzi alichukua kitabu kikiwa na karatasi hafifu nje, naye akampelekea fundi akivishe ngozi kwa gharama yake. Kuanzia miaka ya 1820 wachapishaji walianza kutumia kitambaa, na baadaye majalada yakatengenezwa kwa mashine, maelfu kwa mfano mmoja. Hapo mchapishaji akagundua kwamba jalada zuri linauza kitabu dukani kabla mtu hajasoma hata mstari.

Msanii alichora nakshi kwenye karatasi kwa ukubwa uleule wa jalada. Mchongaji akaichonga kwenye bamba la shaba, likatiwa moto na kugandamizwa kwenye kitambaa kwa mashine, likiacha alama ya wino au ya dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kama utando. Kila rangi ilitaka bamba lake, kwa hiyo kila rangi iliongeza gharama. Aliyeweza kupendeza macho kwa rangi mbili tu ndiye aliyepewa kazi nyingine.

Hilo alilijua vizuri Sarah Wyman Whitman wa Boston. Alichora majalada zaidi ya 200, mengi yakiwa ya kampuni ya Houghton Mifflin, na karibu yote yana utulivu uleule: ua moja au mistari michache, herufi alizozibuni mwenyewe, na sehemu kubwa ya kitambaa ikiachwa tupu. Wabunifu wa leo wanaojaza kila kona ya jalada la kitabu cha watoto wangefaidika kuyatazama. Mwandishi Sarah Orne Jewett alikuwa rafiki yake, na jalada la kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1896, The Country of the Pointed Firs, ni kazi ya Whitman.

Margaret Armstrong wa New York alikuwa wa mkono mwingine. Nyumbani kwao sanaa ilikuwa kazi ya familia: baba yake na dada yake Helen walitengeneza vioo vya rangi. Yeye alipenda maua, akayapanga kwenye kitambaa kwa dhahabu na rangi hadi yakaonekana yanaota pale pale. Kwa baadhi ya waandishi alichagua rangi moja ikawa sare ya vitabu vyao. Riwaya za Myrtle Reed zilivaa zambarau hafifu, vitabu vya Henry van Dyke vilivaa buluu, na msomaji alivitambua kwenye rafu akiwa bado mlangoni. Armstrong alichora zaidi ya majalada 270, na kwenye mengi alificha herufi zake, M na A zilizounganishwa.

Alama hizo ndogo zilikuwa na maana. Mara nyingi jina la mchoraji halikuandikwa popote kitabuni, na asiyeweka alama alipotea.

Kisha soko likageuka. Karatasi ya kukinga kitabu na vumbi ilikuwapo muda mrefu, nyepesi na isiyo na pambo, sawa na ile ya kaki ambayo wazazi hujalidia madaftari shule zinapofunguliwa. Watu waliitupa. Uchapaji wa picha ulipokuwa rahisi, wachapishaji walihamishia pambo kwenye karatasi hiyo, na baada ya mwaka 1910 kitambaa kilichobaki chini kikaachwa wazi. Armstrong hakusubiri. Alizunguka magharibi mwa Marekani akichora maua ya porini, akatoa kitabu chake mwaka 1915. Alipovuka miaka 70 aliandika riwaya za upelelezi.

Morse alikuwa ameondoka mapema zaidi, akaenda Scranton, Pennsylvania, kufundisha uchoraji shuleni. Alikuwa amechora majalada yapatayo 80, mengi bila alama. Mwaka 1923 alilipa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York majalada yake 58. Yalikaa ghalani. Alifariki mwaka 1961 akiwa na miaka 98, na mwaka 1997 mkutubi wa jumba hilo akayakuta na kuanza kumtafuta mwenye kazi. Maonyesho yake yalifanyika New York mwaka 2008.

Majalada yake sasa yanaonekana bure kwenye tovuti ya jumba hilo, hata kwa simu. Kwa Armstrong, mtoto anaweza kuvuta picha iwe kubwa na kuwinda M na A kati ya majani. Kwa vitabu vilivyopo nyumbani kazi ni nyepesi: jina la mchoraji, likiwapo, huwa nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, kwa herufi ndogo kuliko zote.