Zawose: Safari ya ilimba kutoka Ugogo hadi mitambo ya kisasa

WAPENZI wengi wa muziki nchini humfahamu hayati Dk. Hukwe Zawose kama mpiga ilimba wa Kigogo aliyevaa vazi la asili na njuga miguuni. Wachache hutambua kwamba mzee huyo alikuwa pia mmoja wa wasanii waliothubutu kufanya majaribio makubwa katika muziki wa Tanzania.

Zawose alizaliwa Doduma, mkoani Dodoma, akajifunza muziki kwa baba yake. Baada ya uhuru, Serikali ilipokuwa ikijenga utamaduni wa taifa, Mwalimu Julius Nyerere alimwita Dar es Salaam ili aifanye sanaa kuwa kazi yake. Baadaye aliweka makazi Bagamoyo na kufundisha katika Chuo cha Sanaa, ambacho tangu mwaka 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa).

Siri ya muziki wake imo ndani ya ala zenyewe. Ilimba ni kisanduku cha mbao chenye vipande vya chuma vinavyochezeshwa kwa vidole gumba. Tundu la kisanduku huzibwa kwa utando mwembamba wa buibui, nao hutoa mvumo kama wa nyuki kila noti inapolia. Zeze, kwa upande wake, ni la nyuzi na kibuyu. Mpangilio wa sauti za Kigogo hufuata sauti za asili zinazozaliwa uzi mmoja unapotetema, hivyo haulingani sawasawa na kinanda cha Kizungu. Anayeuunganisha na mitambo ya kisasa bila uangalifu huuharibu.

Miaka ya 1980 kampuni ya Triple Earth ya Uingereza ilitoa albamu zake "Tanzania Yetu" na "Mateso". Mwaka 1996 ikafuata "Chibite", aliyoirekodi na mpwa wake, Charles Zawose, chini ya Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel. Hatua ya ujasiri zaidi ilikuja mwaka 2002 katika albamu ya "Assembly", alipokutanisha sauti na ilimba yake na gitaa la Michael Brook wa Canada. Mwaka huohuo Hukwe na Charles walipanda jukwaani katika ziara ya Gabriel huko Marekani.

Zawose alifariki dunia Bagamoyo Desemba 30, 2003, na Charles akamfuata mwaka 2004. Pigo hilo lilizua swali zito: je, urithi uliohifadhiwa vichwani na vidoleni mwa watu wachache ungezikwa pamoja nao?

Jibu lilitoka ndani ya ukoo. Mwanawe, Msafiri Zawose, alitoa albamu ya "Uhamiaji" mwaka 2017 kupitia kampuni ya Soundway, akishirikiana na mtayarishaji Sam Jones. Humo ala za Kigogo zinakwenda sambamba na midundo ya kompyuta, na si kufunikwa nayo. Mwaka 2024 ikawa zamu ya wanawake: Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, walitoa albamu ya "Maisha" kwa jina la The Zawose Queens. Kwa mila, wanawake wa Kigogo wana ngoma yao ya muheme, lakini katika bendi ya ukoo walikuwa nyuma ya wanaume. Safari hii wao ndio walioongoza.

Funzo la ukoo huo halihusu Dodoma na Bagamoyo peke yake. Majimoto, katika Bonde la Rukwa mkoani Katavi, ni nyumbani kwa Wapimbwe, kabila dogo ambalo jina lake halisikiki redioni kama ya makabila makubwa. Jamii za namna hiyo hazina kampuni ya Uingereza inayobisha hodi. Zina wazee wanaojua na vijana wenye simu mikononi.

Zawose hakuuokoa muziki wa Kigogo kwa kuufungia kabatini. Aliwafundisha wanawe, akaupeleka ulipokuwa haujawahi kufika, na hakukubali ubadilishwe sauti ili ukaribishwe. Mali ya wahenga hudumu pale tu warithi wanapoitumia.