Diploma ya polisi: nani analipa?

Kuna swali linarudi kila mara kati yetu: mtu akiongeza masomo, mshahara nao uongezwe? Leo tulitazame kwa polisi wa Massachusetts, kule Marekani, juu wao walilijibu kwa sheria.

Mwaka 1967, tume ya rais Johnson ilipendekeza kwamba mwishowe kila polisi awe na diploma ya universite. Lakini nani atatoka kazini amechoka, aende tena darasani, bila faida yoyote? Njo maana mwaka 1970 Massachusetts ilipitisha sheria ambayo watu wanaiita Quinn Bill, kwa jina la Robert Quinn, aliyekuwa mbele spika wa bunge la jimbo.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Diploma ya miaka miwili iliongeza 10% ya mshahara wa msingi, ya miaka minne 20%, mastere ao diploma ya sheria 25%. Tuseme mshahara ulikuwa dola 60.000: diploma ya miaka minne ilileta dola 12.000 kila mwaka. Siyo mchezo! Mji uliokubali sheria hii ulilipa, kisha jimbo lilikuwa linaurudishia nusu.

Shida zilitokea wapi? Ya kwanza: pesa ikifuata karatasi, kuna watakaotafuta karatasi tu. Shule zingine zililaumiwa kwamba zinagawa diploma kirahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakuu wa elimu ya juu wa jimbo wakakaza kanuni.

Ya pili njo kubwa. Mwaka 2009 pesa zilipungua, jimbo likapunguza sana sehemu yake, na sheria ikafungia mlango polisi wapya. Huko Boston, mikataba na sendika ilisema jimbo lisipolipa, mji utatoa nusu yake tu. Polisi wakashtaki. Mwaka 2012 tribinali kuu ya jimbo ikaupa mji haki. Basi, pale jimbo halikutoa kitu, zile dola 12.000 zikabaki 6.000. Diploma ni ile ile, kazi ni ile ile.

Mimi naunga mkono kulipa masomo, tena sana. Ila kabla ya kujiandikisha kwa ajili ya prime, tuulize maswali mawili: nani anakagua diploma, na yule aliyeahidi pesa akikosa, nani atajaza pengo? Jibu liwe kwenye mkataba, siyo mdomoni.