Mume Nairobi, Kazi Rungwa

Usidhani Mkenya huingia tu Tanzania na kompyuta yake begani akaanza kazi. Thubutu! Mshauri wa kompyuta wa kujitegemea kama mimi anahitaji kibali cha kazi chini ya sheria ya 2015, pamoja na hati ya ukaazi daraja A. Daraja B ni la walioajiriwa. Ada natoa mfukoni mwangu.

Sasa niko Rungwa, kusini mwa Itigi, nafunga mtandao kwenye kambi ya utalii. Umbali tumeuzoea. Kinachotugombanisha ni pesa: mteja mmoja alikaa miezi miwili bila kunilipa, karo ya mtoto akalipa mume wangu peke yake, na hasira hakuificha. Tangu hapo nadai nusu ya malipo kabla sijapanda basi, na mkataba anausoma yeye kwanza. Ana jicho kali kuliko wakili, jamani!