Kabla ya Kadi, Uliza Maji

Ujumbe kwenye kundi la kamati ulikuwa mfupi: "Maji kujaa 4:20." Katibu aliunakili kutoka kwenye simu yake, ambako 4:20 ilimaanisha saa 10 na dakika 20 jioni. Vijana wa mapambo wakausoma kwa saa za Kiswahili: saa 4 na dakika 20 asubuhi. Walipofika ufukweni Kigamboni saa 6 mchana, bahari ilikuwa mbali. Wakaona basi, maji yameshajaa na yameshaondoka. Wakapanga viti 120 kwenye mchanga wa chini, ule mgumu, maana miguu ya viti haizami. Saa 9 alasiri tulikuwa tunavikimbiza juu huku vitambaa vyake vyeupe vikiburuzika majini.

Kosa lilikuwa la saa 6 tu. Tatizo ni kwamba maji nayo huchukua saa 6 na dakika chache kutoka kujaa hadi kupwa. Anayekosea saa kwa namna hiyo hakosei kidogo, anaipata bahari kinyume kabisa.

Kamati nyingi hupanga harusi kwa kuangalia michango na mwisho wa mwezi. Kwa harusi ya ufukweni, mimi huuliza kwanza mwezi wa angani. Pwani yetu maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, au baada ya mwezi kuandama, huja bamvua, na tofauti kati ya maji ya juu na ya chini huweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi mita 1 hivi.

Wavuvi wanajua jambo jingine ambalo wapangaji wengi hawalijui. Dar es Salaam na Unguja, bamvua hujaa karibu na saa 10 au 11, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa 4 au 5. Ndiyo maana asubuhi za bamvua huwaona akina mama wa Paje na Jambiani wakienda mbali kushughulikia mwani wao. Maji mafu huenda kinyume: hupwa jioni.

Sasa chagua. Ukitaka mchanga mpana saa 10 jioni, wazee watembee na watoto wakimbie bila hofu, tafuta Jumamosi yenye nusu mwezi. Ukitaka bibi harusi aje kwa mashua, au bahari ionekane imejaa nyuma yenu kwenye picha, tafuta bamvua, lakini viti vikae juu kabisa. Mimi huchagua mwezi mpevu wenyewe. Ufukwe wa mashariki hauna jua la kuzama baharini, hata wapambaji wakikuahidi. Kwa hilo nenda Kendwa. Huo wa mashariki una kitu kizuri zaidi: jua likizama nyuma ya minazi, mwezi unachomoza kutoka majini, na kadiri chakula kinavyoendelea maji yanawaachia nafasi.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, kisha 2, kisha 1. Kwa bamvua la mita 3.6, saa ya tatu peke yake huleta sentimita 90. Ufukwe ukiwa na mteremko wa mita 1 kwa kila mita 30, maji yanasogea mita 27 kwa saa hiyo moja. Saa 6 mchana wale vijana walisimama mwanzoni mwa mwendo huo wa kasi, ndiyo maana hawakuogopa.

Upepo nao una ratiba. Kusi ya Juni hadi Agosti hunyanyua shela na kumeza sauti ya MC. Spika ziweke karibu na wageni na kamba za turubai zifungwe kwenye magunia ya mchanga, kwa sababu mchanga mkavu haushiki kigingi. Masika, Machi hadi Mei, sina la kusema zaidi ya turubai. Na kiti cha bibi kiwekee ubao chini, miguu yake isizame mchangani.

Karatasi zisisahaulike: Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Kenya nako, kwa ndoa ya kiserikali chini ya sheria ya 2014, ni siku 21. Na Wakatoliki muulizeni paroko mapema kama ndoa inaweza kufungwa ufukweni, kabla ya kumlipa mtu wa maua.

Mwisho, siku 15 kabla ya harusi nenda ufukweni mwenyewe. Mzunguko wa bamvua na maji mafu ni karibu siku 15, kwa hiyo maji utakayoyaona yatakaribiana na ya siku yako. Tafuta mstari wa majani na vijiti vilivyoachwa na bahari, panda hatua kadhaa juu yake, kisha weka kiti ulichobeba kutoka nyumbani. Kaa hapo kuanzia saa 8 mchana hadi giza liingie.