Damu ya Mwezi Inayozidi: Mama Afanye Nini?



Siku ya kupima watoto kilo, karibu kila mara kuna mama mumoja anabaki nyuma. Anangoja wengine watoke, kisha anauliza kwa sauti ya chini: « Mama, hakuna dawa ya kupunguza siku zangu za mwezi? » Mumoja amechoka kufua vitambaa usiku. Mwingine shamba lake liko mbali, na kule hakuna maji. Hili si ulizo la haya. Dawa iko. Lakini si ile munayouziwa sokoni, na mbele ya dawa inafaa kwanza ujue kama damu yako ni ya kawaida ao inazidi.

Kila mwezi tumbo la uzazi linajitandikia ngozi laini yenye damu, kama vile mutu anatandika kitanda kwa kungoja mugeni. Mimba isipoingia, kitanda kile kinakunjuliwa na kutoka inje. Ni hiyo tu. Haiko uchafu wa mwili, wala sumu. Kwa mwanamuke mwenye afya inachukua siku 2 mpaka 7, pengine 8. Tena ni kidogo kuliko munavyofikiri: kwa wengi, damu ya siku zote pamoja ni vijiko 2 ao 3 vya kulia. Ikipita vijiko 5, mwili unaanza kupata hasara.

Lakini nani atapima damu yake na kijiko? Hesabu vitambaa. Kama unabadilisha kila saa moja ao mbili, kama unaamuka usiku kubadilisha, kama mabonge makubwa ya damu yanatoka, kama siku zinapita 8, basi damu inazidi. Usiseme, « Hata mama yangu alikuwa hivi. » Pengine mama yako naye alikuwa mugonjwa.

Nitawaambia jambo moja. Zamani, nilipokuwa bado kijana katika kazi, mama mumoja alileta mutoto wake wa tano kwa chanjo. Mara tatu nilimupima mutoto yule, mara tatu niliandika kilo zake, na mama yake sikumutazama. Mara ya nne alikaa chini pale mulangoni, hakuweza kusimama. Nilifungua kope ya jicho lake: nyeupe kama karatasi. Tulipima damu: hemoglobini ilikuwa 5, na kwa mwanamuke asiye na mimba inapaswa kufika 12. Alikuwa anatoka damu siku 10 kila mwezi, kwa miaka miwili. Bwana yake hakujua. Alikuwa ameingiza majani ndani ili damu ifunge, na majani yakamutia kidonda. Ndugu yake alimutolea damu, kisha munganga aliona kama alikuwa na uvimbe katika tumbo la uzazi, ule tunaita fibrome. Alipasuliwa, akapona. Tangu siku ile, mama akileta mutoto, ninatazama macho mawili ya mutoto na mawili ya mama.

Kwa hiyo ninawaomba: musiingize kitu ndani, majani, chumvi, ndimu, ao dawa ya unga. Haisimamishi damu, inachoma na kuleta ugonjwa. Maji ya ndimu ya kunywa hayana ubaya, lakini hayapunguzi siku. Na musikunywe aspirine kwa maumivu ya mwezi. Inazuia damu kuganda, basi inaweza kutoka zaidi.

Dawa ya kweli ni zipi? Ya kwanza ni ibuprofene. Wengi wanaijua kwa maumivu, lakini inapunguza damu pia, kwa wengi sehemu moja ya nne ao zaidi. Kidonge cha 400, mara tatu kwa siku, kuanza siku damu inapoanza, kwa siku 3 mpaka 5, na siku zote nyuma ya chakula. Mwenye kidonda cha tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye asima, ao anayefikiri ana mimba, asiikunywe. Dawa ya pili, asidi traneksamiki, ina nguvu zaidi: inaweza kupunguza damu karibu nusu. Lakini siku zinabaki zilezile. Hiyo anaandika munganga, maana aliyewahi kuwa na damu iliyoganda katika muguu haipaswi kwake.

Anayetaka siku zenyewe zipunguke, tunazungumza juu ya dawa za kupanga uzazi. Vidonge vya kila siku vinafanya damu kuwa kidogo na siku kuwa fupi. Sindano ya miezi mitatu inasumbua kwanza, damu inakuja bila utaratibu, lakini nyuma ya mwaka karibu nusu ya wamama hawaoni tena mwezi. Kijiti cha mukono hakina njia moja: wengine damu inapunguka, wengine inatoka kidogo kidogo kila mara. Kitanzi chenye dawa ya homoni ndicho kinashinda vyote kwa kupunguza damu, pahali kinapopatikana. Lakini kitanzi cha shaba kinaiongeza, zaidi katika miezi ya kwanza. Mama mwenye damu nyingi asikichague bila kusema.

Hapa wengi wanaogopa: « Damu isipotoka, inaenda wapi? Itaoza ndani! » Hapana. Kwa dawa hizi kitanda kile hakitandikwi sana, basi hakuna cha kutoka. Hakuna damu inayofichwa.

Damu iliyokwisha kupotea, nayo irudishwe. Kula sombe, lenga-lenga, maharagi, ndagala, na maini siku pesa inapopatikana. Chungwa pamoja na chakula linasaidia. Chai ingoje saa moja ao mbili nyuma ya chakula. Lakini mama mweupe wa macho hatapona kwa lenga-lenga peke yake. Atakunywa vidonge vya fer, na asiviache akisikia nguvu imerudi: aendelee miezi mitatu nyuma ya damu kuwa sawa. Choo kitakuwa cheusi, musiogope. Tutamupatia na dawa ya minyoo, maana minyoo ya safura nayo inanyonya damu.

Kuna damu isiyongoja siku ya kilo. Kitambaa kinajaa kila saa, saa mbili kufuatana, na kichwa kinazunguka: uje siku ileile, hata usiku. Mwezi ulikosekana, kisha damu inakuja na maumivu makali ya tumbo: pengine ni mimba iliyokaa pahali pabaya, uje mbio. Damu nyuma ya kulala na bwana, ao kwa mama aliyekwisha kuacha kuona mwezi tangu mwaka: tutapima mulango wa tumbo la uzazi, sababu kansa inaanza hivyo, na ikionekana mapema inatibika.

Ukija, lete karatasi. Kila siku ya damu piga alama moja, na kando yake andika umebadilisha vitambaa vingapi. Asiyejua kuandika atie mbegu za maharagi katika kikopo, moja kwa kila kitambaa. Miezi miwili inatosha. Tutazihesabu pamoja.