Oili iliyochoka huua turbo: Funzo kwa madereva wa Migori na Homa Bay

KILA Ijumaa jioni, magari mengi huondoka Nairobi kuelekea Nyanza Kusini. Yapo yanayopeleka jamaa kwenye mazishi, yapo yanayowapelekea wazazi mahitaji ya nyumbani, na mengine hubeba vijana waliotamani kulala kwao usiku mmoja au miwili. Huteremka Bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu, yakavuka Narok na Bomet, yakapanda vilima vya Kisii, kisha yakagawana njia mjini Rongo. Wanaokwenda Homa Bay hukata kulia na kuteremkia Ziwa Victoria, nao wa Awendo, Migori na Isebania huendelea na barabara kuu. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300, na mara nyingi hufanywa kwa kasi.

Miongoni mwa magari hayo zimo Subaru Impreza, Legacy na Forester zenye turbo, ambazo vijana wengi huzienzi kwa nguvu na mngurumo wake. Lakini ni magari hayo hayo ambayo hulaumiwa katika gereji kwamba hayadumu. Turbo huanza kulia kama king'ora, moshi wa samawati hufuka nyuma ya gari, na hatimaye injini hugonga na kusimama kando ya barabara, pengine usiku wa manane na waombolezaji wakiwa ndani.

Lawama hiyo mara nyingi humkosa mkosaji halisi. Katika visa vingi, kilichoharibu mtambo ni oili iliyokaa muda mrefu mno, iliyopungua bila mwenye gari kujua, au isiyofaa injini ya aina hiyo.

Ili kuelewa sababu, yafaa kujua kazi ya turbo. Hiki ni kifaa chenye feni mbili zilizofungwa kwenye ncha mbili za mhimili mmoja mfupi. Feni ya kwanza huzungushwa na moshi moto unaotoka kwenye injini. Inapozunguka, huizungusha ya pili, nayo huvuta hewa ya nje, huikandamiza na kuisukuma ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli zaidi huweza kuchomwa, na injini ndogo ya lita 2 ikatoa nguvu ambazo bila turbo zingehitaji injini kubwa zaidi.

Nguvu hizo zina gharama yake. Krenki ya injini ya petroli huzunguka mara 6,000 au 7,000 kwa dakika dereva anapokanyaga hadi mwisho. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, tena ukiwa sentimita chache tu kutoka kwa moshi ambao joto lake laweza kufika nyuzi 900 za Selsiasi. Katika turbo nyingi, mhimili huo haukalii gololi. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu ya injini, na oili hiyo hiyo ndiyo inayobeba joto na kuliondoa. Utando ukikatika hata kwa sekunde chache, chuma hukutana na chuma.

Oili nayo huchoka. Joto kali huifanya ioze na kuwa nzito kama lami. Viungo vinavyotiwa na watengenezaji ili kuzuia kutu, asidi na uchafu hupungua kadiri vinavyofanya kazi. Gari likitumiwa kwa safari fupi fupi, kwa mfano kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, injini haipati moto wa kutosha. Petroli kidogo na maji hupenya na kujichanganya na oili, ikawa nyepesi kuliko inavyotakiwa. Hivyo gari linaloshinda mjini Migori likitembea mwendo mfupi na lile linalokimbizwa hadi Nairobi yote mawili huichosha oili, ingawa kwa njia tofauti.

Kwa sababu hiyo, watengenezaji hawayapi magari yote kipimo kimoja. Katika mwongozo wake wa nchini Japani, Toyota huruhusu magari mengi ya petroli yasiyo na turbo kubadilishwa oili baada ya kilomita 15,000 au mwaka 1. Kwa magari ya petroli yenye turbo, kipimo hushuka hadi kilomita 5,000 au miezi 6, kwa kutegemea kitakachotangulia. Na gari likitumiwa katika hali ngumu, muda huo hukatwa nusu: kilomita 2,500 au miezi 3.

Hali ngumu inayotajwa si mbio za mashindano pekee. Ni barabara mbovu na zenye vumbi, milima mingi, safari fupi za mara kwa mara na masafa marefu kupita kiasi. Msomaji anayezijua barabara za murram za Nyatike zinazoingia kwenye machimbo ya dhahabu, au mpando wa kutoka ziwani hadi nyanda za juu za Kisii, atatambua mara moja kwamba maelezo hayo yanamhusu. Mwenye turbo anayesubiri kilomita 10,000 kwa kuwa jirani yake mwenye Probox hufanya hivyo anajilinganisha na asiyefanana naye. Probox ya petroli haina turbo.

Jambo la pili, ambalo pengine ni zito kuliko la kwanza, ni kiwango cha oili. Injini nyingi za turbo hula oili kidogo kidogo hata zikiwa nzima, na zile za Subaru za miaka ya nyuma, ambazo silinda zake zimelala ubavuni, zinajulikana kwa tabia hiyo. Injini ya aina hiyo ya lita 2 hubeba oili lita 4 hadi 5 hivi. Ikipungua lita 1, robo nzima au karibu na hapo imetoweka. Gari linapokata kona kwa kasi au kupanda mlima, oili iliyobaki hukimbilia upande mmoja wa sampu, pampu ikavuta hewa, na beringi za krenki na za turbo zikakauka.

Wengi hudanganyika kwa kungoja taa nyekundu ya oili iwake kwenye dashibodi. Katika magari mengi, taa hiyo haipimi kiwango cha oili bali msukumo wake. Inapowaka gari likiwa mwendoni, madhara huenda yameshaanza, na la kufanya ni kuegesha mahali salama na kuzima injini mara moja. Kinga iliyo nafuu ni kijiti cha kupimia. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe kwa dakika chache, kijiti kipanguswe, kirudishwe, kisha kisomwe. Kazi hiyo yafaa ifanywe kila wiki, na pia kabla na baada ya safari ndefu. Haigharimu hata shilingi.

Zipo pia njia nyembamba ambazo wengi hawazijui. Katika baadhi ya injini za turbo za Subaru, boliti inayoshika bomba la kupeleka oili kwenye turbo ina wavu mdogo ndani yake. Oili iliyooza huacha masizi na utando unaoziba wavu huo. Oili kwenye sampu itakuwa imejaa, kijiti kitaonyesha kuwa mambo ni shwari, ilhali turbo inakufa kwa kiu. Fundi mwangalifu huufungua na kuukagua, hasa katika gari ambalo historia yake haijulikani.

Na magari mengi ya aina hii historia yake haijulikani. Kwa mujibu wa kanuni ya KS 1515 ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa Kenya likiwa limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Miaka hiyo inatosha kwa mmiliki wa kwanza kulitunza vyema au kulitelekeza. Wakati mwingine, kwenye ukingo wa mlango wa dereva hubaki kibandiko kidogo cha gereji ya Japani chenye tarehe na kilomita za mara ya mwisho oili ilipobadilishwa. Mnunuzi asikibandue kabla ya kukisoma. Asipokipata, njia salama ni kubadilisha oili na chujio siku za mwanzo, kisha kubadilisha tena mapema kuliko kawaida, ili oili mpya ipate kuosha uchafu wa zamani.

Sifa za Subaru nchini Kenya zilikuzwa kwa kiasi kikubwa na mashindano ya Safari Rally, ambapo Colin McRae alishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wakiendesha Impreza yenye turbo. Mashabiki waliona vumbi na kasi. Ambacho wengi hawakukitilia maanani ni kundi la mafundi lililolisubiri gari kwenye vituo, tayari kulikagua na kubadilisha kilichochakaa kabla halijaendelea. Anayenunua gari lenye jina hilo hununua pia wajibu wa kulihudumia.

Kuchagua oili kuna utata wake. Maandishi kama 5W-30 au 5W-40 yaliyo kwenye mkebe hueleza uzito wa oili: nambari ya kwanza ni inapokuwa baridi, ya pili ni inapopata moto. Baadhi ya madereva hupendelea 20W-50 wakiamini kwamba nzito ndiyo imara. Asubuhi injini inapowashwa, oili nzito huchelewa kufika kwenye turbo, na dakika hizo za mwanzo ndizo zenye madhara. Kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Oili ya sintetiki huvumilia joto kali kuliko ya kawaida, hivyo kwa turbo ni matumizi ya busara wala si anasa.

Herufi za kiwango cha API nazo zina maana. Kiwango cha SN kilianza kutumika mwaka 2010, na SP mwaka 2020. Hicho cha SP kiliwekwa kwa kuzingatia pia injini mpya ndogo za turbo, ambazo petroli hupuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda na huweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni. Ununuzi uwe kwa muuzaji anayeaminika, mkebe ukiwa na lakiri yake na alama ya KEBS. Oili inayopimwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina haifai kuingia kwenye turbo, hata ikiwa bei yake inavutia.

Kisha kuna namna ya kuzima gari. Dereva aliyepanda vilima kwa kasi, akafika langoni kwa wazazi na kuzima injini papo hapo, husimamisha pampu ilhali turbo ingali na moto mkali. Oili iliyonaswa kwenye beringi hukaangika na kugeuka mkaa. Turbo nyingi za kisasa hupozwa na maji pia, jambo linalopunguza hatari hiyo, lakini halimwondolei dereva wajibu. Kilomita chache za mwisho ziendeshwe polepole, na injini iachwe ingurume kwa dakika moja hivi kabla ya kuzimwa. Vivyo hivyo asubuhi: gari lisikimbizwe kabla injini haijapata moto.

Mafunzo haya hayawahusu wenye Subaru peke yao. Matatu nyingi za dizeli na malori yanayosafirisha omena na samaki kutoka fuo za Homa Bay hutumia turbo pia. Katika injini ya dizeli, turbo ikiharibika na kuvujisha oili kwenye njia ya hewa, injini yaweza kuichoma oili hiyo kama mafuta yake na kuendelea kunguruma kwa kasi hata ufunguo ukizimwa. Hapo tatizo huwa limeacha kuwa la pesa na kuwa la usalama.

Turbo ikishakufa, wengi hukimbilia kufunga nyingine, nayo ikafa baada ya wiki chache. Sababu ni kwamba chanzo kiliachwa. Kabla ya kufunga turbo mpya, bomba la oili lisafishwe au libadilishwe, vipande vya chuma vitolewe kwenye mabomba ya hewa na kwenye sampu, oili na chujio viwe vipya, na turbo yenyewe imiminiwe oili kabla ya injini kuwashwa. Fundi asiyeeleza kwa nini ile ya kwanza ilikufa bado hajamaliza kazi yake.

Oili chafu inayotolewa nayo isimwagwe mtaroni. Kanuni za kudhibiti taka zinaihesabu kuwa taka hatari, na mitaro ya miji hii huishia Mto Migori au Ziwa Victoria, ambako wakazi huteka maji na kuvua samaki. Ikusanywe kwenye mtungi na kukabidhiwa wanaoruhusiwa kuipokea.

Hesabu ya mwisho ni rahisi. Oili nzuri na chujio lake hugharimu maelfu machache ya shilingi. Turbo hugharimu makumi ya maelfu, na injini nzima ya turbo yaweza kupita laki moja, mbali na gharama ya kulivuta gari kutoka porini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye turbo, ufa huo huonekana mapema kwenye kijiti cha oili, iwapo atakichomoa na kukisoma kabla ya kuondoka.