Potifolio ya Msanifu wa Tovuti: Chema Hujiuza Pale Kinapoonekana

Potifolio ni mkusanyo wa kazi ambazo mtaalamu amezichagua ili zimtambulishe kwa watu wanaoweza kumpa kazi nyingine, na kwa msanifu wa tovuti, yaani mtu anayebuni mwonekano, mpangilio na matumizi ya kurasa za intaneti, mkusanyo huo kwa kawaida huwa ni tovuti yenyewe. Msanifu wa kujitegemea, ambaye hana mwajiri wa kudumu bali huishi kwa kazi moja moja za wateja mbalimbali, huitegemea potifolio iwe cheti, duka na barua ya utambulisho kwa wakati mmoja. Hata hivyo, potifolio nyingi zilizobuniwa kwa ustadi mkubwa hazimleti mteja hata mmoja, kwa sababu zimeandaliwa ili zisifiwe na wasanifu wengine, ilhali anayetafutwa ni mwenye biashara aliye na shida ya kutatuliwa na hofu ya kupoteza fedha zake.

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na methali hiyo huthibitika kila siku miongoni mwa mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, au wale wa Barabara ya Ngong, Nairobi, ambao huanika vitanda na makochi kando ya njia ili mpita njia asimame, agonge ubao kwa vidole, avute droo na aulize bei. Kazi ya msanifu wa tovuti haina kando ya njia. Tovuti nzuri iliyotengenezwa kwa ajili ya shule iliyoko Iringa haitaonekana na mwenye hoteli wa Malindi, na hata ikionekana, mara nyingi haibebi jina la aliyeitengeneza. Potifolio ndiyo inayoipa kazi hiyo mahali pa kuanikwa, na jambo la msingi kwa anayeijenga ni kumwezesha mteja kuipima kazi kama anavyolipima kochi kabla ya kutoa malipo.

Historia ya fani hii ina mfano unaoonyesha nguvu ya kazi inayojieleza yenyewe. Mwaka 2003, wakati wasanifu wengi walipokuwa bado wanaamini kwamba CSS, yaani lugha inayoiambia kompyuta ukurasa uonekane vipi, haiwezi kuzaa kurasa za kupendeza, msanifu wa Kanada aitwaye Dave Shea alianzisha tovuti ya CSS Zen Garden, ambamo maandishi na mpangilio wake wa ndani havikubadilika, ila kila msanifu aliruhusiwa kuyavika mwonekano wake kwa kuandika upya faili la CSS peke yake. Aliyeifungua aliona ukurasa uleule ukigeuka sura mara baada ya mara, na ubishi uliokuwa umeendelea kwa muda mrefu ukapata jibu lililoonekana kwa macho. Funzo lake kwa potifolio ni kwamba mtazamaji huamini pale anapoona hali ya mwanzo, kilichobadilishwa na kilichopatikana, kuliko pale anapoambiwa kwamba msanifu ana ubunifu na uzoefu.

Kwa hiyo kila kazi inayowekwa katika potifolio inastahili kuelezwa kwa sehemu tatu, ambazo ni tatizo la mteja, uamuzi wa msanifu na matokeo yake. Chukulia mfano wa kampuni ya utalii ya Moshi inayowapeleka wageni Mlima Kilimanjaro, ambayo tovuti yake ya zamani iliwalazimu wageni kupitia kurasa nyingi kabla ya kujua safari inachukua siku ngapi na gharama yake ni kiasi gani. Msanifu aliyeipanga upya hatasaidika kwa kuweka picha ya ukurasa wa mbele na jina la kampuni tu. Anapaswa kueleza kwamba aliziweka njia za kupandia mlima, idadi ya siku na bei katika jedwali moja, kwamba alikipeleka kitufe cha kuulizia nafasi mahali ambapo kidole gumba hukifikia kwenye simu, na kwamba tangu hapo maswali yanayomfikia mwenye kampuni yamekuwa ya watu waliokwisha kujua wanachokitaka. Mwenye hoteli, shule au duka la dawa akisoma maelezo hayo, ingawa hajui chochote kuhusu CSS, ataitambua shida yake mwenyewe ndani ya shida ya mwingine.

Maelezo ya namna hiyo huhitaji nafasi, na ndiyo sababu kazi tatu hadi tano zilizoelezwa vizuri zina uzito kuliko picha ishirini zisizo na neno, zaidi kwa kuwa mteja humhukumu msanifu kwa kazi dhaifu kuliko zote anayoikuta humo. Uteuzi nao una maana yake, kwani anayeonyesha tovuti za hoteli huitwa na wenye hoteli, na anayeonyesha maduka ya mtandaoni huitwa na wafanyabiashara. Busara ni kutanguliza aina ya kazi ambayo msanifu anataka kuendelea kuipata.

Ukweli ni nguzo ambayo bila hiyo yote yaliyotajwa huporomoka. Takwimu za matokeo ziandikwe pale tu zilipopimwa na mteja akaridhia zitangazwe, na kazi iliyofanywa na kikundi itaje ni sehemu gani iliyotoka mikononi mwa msanifu mwenyewe. Ruhusa ya kuonyesha kazi ni vyema iandikwe katika mkataba kabla kazi haijaanza, na picha za skrini zisafishwe majina, namba za simu na taarifa nyingine za watu, kwa kuwa Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022.

Anayeanza, ambaye hana mteja hata mmoja, hana haja ya kubuni wateja wa uongo. Kikundi cha akina mama wafumaji, chama cha ushirika, madrasa au kwaya ya mtaani ina mahitaji halisi, na msanifu anayewatengenezea tovuti ndogo kwa makubaliano yaliyo wazi hupata kazi ya kweli yenye mtu wa kuishuhudia. Akipendelea kuisanifu upya tovuti ya taasisi kubwa kwa kujifunza, aandike waziwazi kwamba hilo ni zoezi ambalo hakutumwa kulifanya.

Ikumbukwe pia kwamba potifolio yenyewe ndiyo kazi ya kwanza ambayo mteja anaijaribu, na aghalabu huijaribu kwenye simu, kwa bando alilolinunua kwa fedha zake. Tangu mwaka 2010, Ethan Marcotte alipoupa jina usanifu unaoufanya ukurasa mmoja ujipange kulingana na upana wa kila skrini, hakuna udhuru wa tovuti inayomlazimu msomaji kuivuta huku na huko kwa vidole. Google hupendekeza kwamba kitu kikubwa kuliko vyote kinachoonekana ukurasa unapofunguka kiwe kimejitokeza ndani ya sekunde 2.5, na miongozo ya kimataifa ya ufikivu, yaani urahisi wa tovuti kutumiwa na watu wote wakiwemo wenye uoni hafifu, hutaka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1. Picha zipunguzwe uzito, mapambo yanayocheza yawe machache, na ukurasa ujaribiwe kwenye simu ya bei nafuu.

Mwishowe mteja aliyeridhika lazima ajue pa kugonga hodi. Majukwaa kama Behance na Dribbble humsaidia msanifu kuonekana, lakini masharti yake huwekwa na wenyewe, hivyo anwani ya kudumu iwe jina la kikoa, yaani jina la tovuti lililosajiliwa, kama vile lenye kiishio cha .co.tz au .co.ke. Namba ya WhatsApp, barua pepe, hatua za kazi tangu mazungumzo hadi makabidhiano, na kiwango cha chini cha malipo vikiwekwa wazi, humwondolea mteja woga wa kuuliza. Anayewalenga wafanyabiashara wa nyumbani aandike kwa Kiswahili fasaha, na anayewatafuta wateja wa nje aongeze Kiingereza.

Msanifu anayetaka kuanza asingoje awe na kazi nyingi. Achague kazi moja anayoweza kuitetea, aeleze kwa ukweli ilitatua shida gani na kwa namna gani, kisha aianike mahali ambapo mwenye shida kama hiyo ataiona.